Jibu la Swali Lako, Baada ya Mbio

Moshi,
2 Machi 2025

Shoga yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba joto la Tanga la mwezi huu halijawazidi nguvu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kucha zangu mbili za mguu wa kulia zimekuwa nyeusi, na shemeji yako hadi leo anashuka ngazi kinyumenyume. Mchango wako wa shilingi laki moja kwa mbio zetu za kifafa niliupokea tarehe 3 Februari, nao ulifuatana na ujumbe wa maneno matatu ambao sikuujibu: "Kwa nini hukuniambia?" Nilikutumia shukrani, nikasingizia maandalizi ya mbio, lakini ukweli ni kwamba swali lile halikuwa la kujibiwa kwa simu. Wewe ndiye uliyesimama ubavuni mwangu siku ya ndoa yangu mwaka 2014, kwa hiyo nimeona ni haki yako kupata karatasi na kalamu.

Unakumbuka Pasaka ya mwaka 2017, shemeji yako alipoanguka sebuleni kwako, akakakamaa, kisha akaanza kutikisika mwili mzima huku povu likimtoka. Ulikimbilia kijiko ili umtie mdomoni, nami nikakushika mkono kwa nguvu, ukadhani nimechanganyikiwa. Ulipouliza baadaye nikakwambia kwamba malaria ilikuwa imempanda kichwani, na kwa wema wako ukaamka alfajiri kumpikia uji, ukamnunulia na dawa ya malaria, ambayo niliitupa chooni kwako bila wewe kujua. Haikuwa malaria. Ni kifafa, alichonacho tangu akiwa na umri wa miaka 11, nami nilikuwa nakijua kabla hata ya posa.

Alizaliwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Ulanga, kwenye milima ya Mahenge, ambako kifafa kimekuwa kingi kuliko katika sehemu nyingi za nchi yetu, na watafiti wanakihusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na vinzi vinavyozaliana kwenye mito inayokwenda kasi. Kwao wanaendelea kumtaja Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuta wagonjwa wamefichwa na jamaa zao, wengi wakiwa na makovu ya kuangukia moto, akawaanzishia kliniki. Ndiye pia aliyeandika habari za watoto wa huko waliokuwa wakiinamisha vichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, hali ambayo miaka mingi baadaye ilikuja kuonekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Shemeji yako alianza vidonge vya fenobabitoni akiwa na miaka 14, na kuanguka kukapungua kutoka mara kadhaa kwa wiki hadi mara chache kwa mwaka. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo, alikuwa akila peke yake katika bakuli la bati lililohifadhiwa juu ya dari la jiko, na mtoto mwingine akiligusa alichapwa. Vidonge vilifanya kazi yake, lakini bakuli halikuondolewa mpaka alipokwenda sekondari ya bweni.

Aliponieleza haya yote, mwaka mmoja kabla ya harusi, alinipa wiki mbili za kufikiri. Kwa kuwa ni mhasibu na hapendi hesabu yenye mstari uliofichwa, alinionyesha pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja kifafa cha kurudiarudia, sambamba na wazimu, miongoni mwa mambo yanayoweza kumfanya mmoja wa wanandoa aiombe mahakama ibatilishe ndoa. Nilimjibu kwamba sheria hiyo inamlinda aliyedanganywa, na mimi sikuwa nimedanganywa. Nilijiona mwerevu sana siku ile. Sikufikiri kwamba tangu hapo ni mimi nitakayewadanganya wengine, nikianza na mama yangu mzazi na kufika hadi kwako, na kwamba nitafanya hivyo kwa miaka kumi bila mtu kunilazimisha. Yeye hakuwahi kuniomba nifiche. Nilificha kwa sababu niliwasikia shangazi zangu wakisema nini juu ya nyumba yenye kifafa, kwamba ni mkosi wa ukoo, kwamba watoto watarithi, na sikutaka kusikia maneno hayo yakisemwa juu ya nyumba yangu.

Sasa nikueleze kilichovunja ukimya, maana hakikuwa ujasiri. Mwezi Juni mwaka jana, shuleni kwetu, msichana wa darasa la tano alianguka mstarini wakati wa wimbo wa taifa. Watoto walitawanyika wakipiga kelele. Mwalimu mmoja alipiga ukelele kwamba asiguswe, kwa kuwa povu lile linaambukiza, na mwingine akaja mbio na kijiko. Mimi ninajua la kufanya, shoga yangu. Nimelifanya usiku wa manane mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mgonjwa huondolewa vitu vya kumuumiza, huwekewa kitu laini chini ya kichwa, hulazwa ubavu ili mate yatoke, hapewi chochote mdomoni, hakandamizwi, na mtu huangalia saa, kwa sababu tukio likipita dakika tano ni lazima apelekwe hospitali. Haya yote niliyajua, nami nilisimama nimefunga mikono nyuma. Niliogopa kwamba nikimgeuza yule mtoto kwa mikono ya mtu aliyezoea, wenzangu wataniuliza nimejifunzia wapi. Kijiko kilimvunja jino la mbele. Wiki iliyofuata wazazi wake walimwondoa shuleni, na hakuna mwalimu aliyekwenda kuwauliza sababu, mimi nikiwemo.

Usiku ule nilimsimulia shemeji yako nikilia. Hakunigombeza, aliniuliza tu ni jino lipi. Nilipomwambia ni la chini, akafungua kinywa akanionyesha lile pengo ambalo wewe na mimi tumelitania miaka yote tukidhani, wewe kwa kuambiwa na mimi kwa kujisahaulisha, kwamba lilitokana na mpira.

Wazo la mbio lilikuwa lake. Amekuwa akikimbia asubuhi tangu tulipohamia Moshi, na kila Februari tunawaona watu wakimiminika hapa kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2003. Nilipendekeza zile kilomita 5 za kujifurahisha, nikidhani tutavaa fulana, tutapiga picha na kurudi nyumbani. Alikataa. Alisema mtu akikimbia kilomita 5 huulizwa kama amefurahi, lakini akikimbia kilomita 42 huulizwa kwa nini, naye alikuwa anataka kuulizwa. Kisha akaongeza kwamba hatakimbia bila mimi, kwanza kwa usalama wake, na pili kwa sababu siri ilikuwa ya watu wawili na haiwezi kutolewa na mmoja. Kumbuka kwamba mimi wakati huo nilikuwa nahema nikipanda ngazi za ghorofa ya pili shuleni.

Tulianza kwa daktari. Nilitarajia atatukataza, na nakiri kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inalisubiri katazo hilo kwa hamu, lakini alieleza kwamba mazoezi kwa watu wengi wenye kifafa yana faida na mara chache huwa ndiyo chanzo cha kuanguka; chanzo huwa ni kukosa usingizi, kuruka dozi, pombe, homa na uchovu wa kupita kiasi. Shemeji yako alikuwa amemaliza miaka miwili na ushee bila kuanguka, jambo lililosaidia. Kulikuwa na sharti moja ambalo sikuwa nimelisikia kabla. Dawa anayotumia sasa, kabamazepini, inaweza kushusha kiwango cha chumvi ya mwilini, na mkimbiaji anayebugia maji matupu kwenye kila kituo hukishusha zaidi, na kikishuka mno, mwili huweza kupatwa na mtukutiko hata kwa mtu asiye na kifafa. Kwa hiyo tuliagizwa tunywe kwa kiu na si kwa woga, tuchanganye maji na ORS, ule unga wa chumvi na sukari, na tule kitu chenye chumvi njiani. Ndiyo maana katika zile picha unaniona nimefungasha viazi vya kuchemsha kiunoni kama mchuuzi wa stendi.

Mazoezi yenyewe sitayasimulia sana, kwa kuwa mazoezi ya mbio ni kitu kimoja kinachorudiwa miezi saba. Kazi ngumu ilikuwa kamati. Unajua desturi yetu: hakuna mchango bila kamati, na hakuna kamati bila mwenyekiti mwenye sauti. Tuliita majirani, walimu wenzangu wawili, muuguzi mmoja wa kliniki ya afya ya akili, ambako wagonjwa wengi wa kifafa huhudumiwa, na baadhi ya wale wale waliokaa kwenye kamati ya harusi yetu. Shemeji yako alisimama akasema mwenyewe, kwa sauti yake ile ya kusoma mizania, kwamba ana kifafa na anataka kukimbia ili fedha zitakazopatikana zitumike kuwafundisha watu juu ya ugonjwa huu. Pakawa kimya. Kisha mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, akapendekeza kwamba kwenye kadi za mchango tusiandike neno kifafa, tuandike "changamoto za afya ya ubongo", kwa sababu kifafa kitawaogopesha wachangiaji.

Hapo ndipo tulipobishana kwa saa mbili na nusu, na sijuti hata dakika moja. Mtaniwia radhi wapenda neno changamoto, lakini limekuwa blanketi la kufunikia kila tusichotaka kukiangalia. Mtu hafi tena kwa umaskini, ana changamoto za kipato. Shemeji yako aliuliza kwa upole: kama sisi wenye kuchangisha tunaona haya kulitaja neno, tunakwenda kuwafundisha nini walimu ambao kazi yao itakuwa kulitaja mbele ya watoto? Muuguzi alimuunga mkono. Alisema wagonjwa wengine humfikia baada ya miaka ya kuzungushwa kwa waganga, kwa kuwa nyumbani ugonjwa uliitwa kila jina isipokuwa lake. Kadi zikachapwa kwa herufi kubwa: KIFAFA.

Ubishi wa pili ulikuwa juu ya matumizi. Wajumbe kadhaa walitaka fedha zote zinunue dawa, na hoja yao ilikuwa na uzito, kwa sababu zipo siku dawa haipatikani na mgonjwa anaambiwa akajinunulie. Muuguzi alileta takwimu za Shirika la Afya Duniani, kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, kwamba karibu 80% yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi 70% wangeweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa mapema na kutibiwa ipasavyo. Akaongeza kwamba hapa jirani tu, wilayani Hai, utafiti ulikwisha kuonyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kifafa hawakuwa kwenye matibabu. Fedha zetu, alisema, zingenunua dawa za watu wachache kwa miezi michache, lakini anayeamini kwamba amerushiwa jini hatakuja kuzichukua hata zikigawiwa bure mlangoni kwake. Tukakubaliana kwamba fedha ziende kwenye semina za walimu wa shule sita za msingi, mabango ya huduma ya kwanza na kipindi cha redio.

Michango ilikuja kwa namna iliyonifundisha mengi kuhusu watu ninaowafahamu. Wale waliotuchangia harusi kwa mbwembwe wengi wao walinyamaza. Mmoja aliyetoa laki tatu mwaka 2014 alijitoa kwenye kundi la WhatsApp usiku wa kwanza. Lakini namba nisizozijua zilianza kutuma elfu mbili, elfu tano, na baadhi yake zilifuatana na maneno mafupi: "Mwanangu." "Marehemu kaka." "Mimi pia, naomba usiseme." Ujumbe wa aina hiyo nilihesabu kumi na tisa. Mama yangu alitangaziwa jambo hili kanisani kama waumini wengine, maana sikuwa nimepata moyo wa kumwambia mwenyewe, na kwa hilo namwomba radhi hadi leo. Hakunipigia simu kwa siku nne. Siku ya tano alituma elfu ishirini bila neno, na jioni yake akampigia shemeji yako, si mimi, wakaongea kwa nusu saa kuhusu vidonge.

Jumapili ile, tarehe 23 Februari, shemeji yako alimeza dawa yake saa kumi na moja alfajiri, akiwa amelala vizuri kuliko mimi. Tulianzia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kungali na ubaridi, tukiwa na fulana za zambarau, rangi ambayo watu wenye kifafa duniani wamejichagulia, zenye maneno kifuani KIFAFA HAKIAMBUKIZI. Nusu ya kwanza, kwenye barabara ya kuelekea Dar es Salaam, ni tambarare, nasi tuliikimbia kwa heshima. Nusu ya pili hupanda kuelekea Mweka, na mlima ule, shoga yangu, hauna adabu. Unapita kwenye migomba na mibuni, watu wamejipanga kando ya barabara wakishangilia, nawe huwezi hata kuinua mkono kuwapungia. Kila aliyetuona jinsi tulivyobaki nyuma alituita Akhwari, akimaanisha John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa mwisho katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililofungwa bendeji. Ni sifa kubwa kwa Mtanzania, lakini baada ya kuitwa hivyo mara ishirini ilianza kufanana na taarifa ya muda wetu.

Karibu na kilele cha mpando alikuwepo bibi mmoja aliyeketi na ndizi zake. Aliisoma fulana kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akauliza, "Ni nani kati yenu?" Shemeji yako akajibu, "Ni mimi, bibi, shikamoo." Bibi hakuitikia marahaba. Alisimama akamkagua kuanzia viatu hadi usoni, kama mtu anayetafuta kasoro kwenye ng'ombe wa mnadani, akauliza tena: "Na unakunywa dawa gani?" Tulisimama. Ana mjukuu wa miaka tisa, haendi shule, anaanguka tangu alipougua malaria kali akiwa mdogo. Tulimweleza kliniki ilipo na siku ya kwenda, nikamwandikia nyuma ya kadi ya dharura iliyokuwa mfukoni mwa shemeji yako, kwa kuwa hatukuwa na karatasi nyingine, na kalamu tuliazima kwa askari wa barabarani. Saa yangu ilionyesha tumesimama dakika saba. Tulipoanza tena, miguu ilikuwa imekaza kama kuni, na kuteremka kote kulikobaki tulikwenda tumeshikana mikono, si kwa mahaba bali kwa sababu kila mmoja alihofia kwamba mwenzake ataanguka, kwa sababu tofauti.

Tulimaliza kwa saa 5 na dakika 52. Hakuanguka. Usiku ule nilikaa macho nikimwangalia, maana uchovu na usingizi uliokatika ndiyo hatari yenyewe, na alipogundua aliniambia nilale, kwani mwenye maumivu zaidi ni mimi.

Jumla tumepata shilingi 3,870,000 kutoka kwa watu 71, ingawa tulilenga milioni tano. Semina ya kwanza tumeipanga tarehe 26 Machi, siku ambayo sehemu nyingi duniani huadhimishwa kwa ajili ya kifafa, nayo itafanyika shuleni kwetu, na mimi ndiye nitakayeonyesha jinsi ya kumlaza mgonjwa ubavu. Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwa yule msichana. Baba yake hakunikaribisha ndani, lakini alinisikiliza mlangoni nilipokiri kwamba nilikuwepo, kwamba nilijua la kufanya na sikulifanya, na kwamba mume wangu ana ugonjwa ule ule na ni mhasibu. Alisema atafikiri. Nitarudi Jumamosi, safari hii pamoja na shemeji yako.

Basi, hilo ndilo jibu langu. Sikukwambia kwa sababu nilidhani namlinda yeye, kumbe nilikuwa najilinda mimi, na wewe nilikulipa kwa uongo uji uliompikia. Nisamehe. Kama bado una hasira niandikie uzimwage zote, nitazisoma.

Shemeji yako anakusalimu sana, na anasema dawa ile ya malaria anakudai bado, kwa kuwa hakuwahi kuinywa. Ndani ya kifurushi hiki nimekuwekea fulana yako ya zambarau. Nimekadiria saizi, na kama itabana utaitanua pembeni kwa fundi. Tafadhali usiifanye ya kulalia. Ivae uende nayo sokoni Ngamiani siku ya Jumamosi, kisha unieleze watu wamekuuliza nini.

Ni mimi shoga yako wa tangu kidato cha tano,
Mama Watoto wa Moshi